Kiraka cha Swabra na Kisima cha Wakfu

Mtongwe, upande wa Likoni, ukimuuliza mtu Swabra binti Mbarak afanya kazi gani, atakwambia atengeneza simu. Si uwongo. Pale dirishani kwa mamake pana meza, na juu ya meza pana simu za watu zilizopasuliwa matumbo, na kila apitaye hutoa salamu kisha huuliza yake imefika wapi. Lakini hiyo ni kazi ya kupatia chakula. Kazi iliyomshika roho ni nyingine, na hiyo hata mamake mzazi, Bi Mwanasiti, akiulizwa na wageni hupunga mkono tu. "Ah, yuwaandika mambo ya vyuma."

Naye hajakosea sana. Kila kompyuta, kubwa kwa ndogo, ina kiini kinachoendesha mambo yote ya ndani. Kiini anachokihudumia Swabra hakina mwenyewe. Watu wa nchi mbalimbali hukiandika kwa pamoja, kila mmoja kwao, wakakitoa bure, atakaye na achukue. Ila kina upofu. Ukikitia katika bodi, ile sahani ya kijani iliyojaa vijidude, hakijui kilichomo. Ni kama bibi harusi aliyeingizwa nyumba ya watu kwa mara ya kwanza. Hajui jiko liko wapi, mtungi uko wapi, mlango upi wafunguka kwa kusukuma na upi kwa kuvuta. Lazima aambiwe. Basi kuna faili, moja kwa kila aina ya bodi, ya kukiambia: taa iko hapa, saa iko pale, waya huu ndio wa kuwashia hiki na hiki. Faili ikisema kweli, nyumba huendeshwa vizuri. Ikisema uwongo, kiini huufuata uwongo uleule kwa adabu zake zote.

Bodi ya Swabra ilitengenezwa na kampuni moja ya mbali ambayo baadaye ilifunga milango. Kabla ya kufunga, bodi zake ziliuzwa kwa bei ya chini, na mafundi wetu wakazitia kwenye pampu za visima, huku Likoni, na Utange, na Magongo. Kampuni ilipokufa, faili yake ikabaki yatima. Swabra aliona kosa dogo ndani yake, akaandika kuuliza mwenyewe ni nani. Akajibiwa na bwana mmoja wa nchi za baridi, Henrik, ambaye faili zote za bodi za aina hiyo hupita mkononi mwake kabla hazijaingia kwenye kiini. Jibu lilikuwa fupi: haina mtu, ukiweza, itunze wewe. Jina lake likaandikwa pale, Swabra Mbarak, mtunzaji. Siku hiyo alilengwalengwa na machozi, na si ya huzuni.

"Watakulipa?" mamake aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi ni thawabu."

"Inshallah."

Sasa, nyuma ya msikiti wao kuna kisima. Alikichimbisha Bi Mwanarusi, nyanya yake Bi Mwanasiti, akakiweka wakfu: watu watie udhu, jirani achote, na asiulizwe mtu dini yake wala kwao. Msimamizi wa wakfu huo leo ni Mzee Hashim, nduguye Bi Mwanasiti, mjomba wa Swabra. Ni mtu wa maneno machache na kanzu iliyopigwa pasi. Maji ya kisima kile huvutwa na pampu, na pampu huamriwa na bodi. Bodi ni ile ile.

Kosa lilikuwa hapo. Waya wa pampu katika bodi ile una tabia ya kinyume: ukitiwa nguvu, pampu hulala, ukinyimwa, huamka. Faili iliandikwa kana kwamba ni waya kama waya zingine, ukinyimwa nguvu pampu hulala. Siku ya kawaida kosa halionekani, kwa kuwa programu ya fundi huushika waya yenyewe na kuufanya itakavyo. Balaa huja stima ikipotea kisha ikirudi. Hapo kiini huamka kabla ya kila kitu, husoma faili, huunyima waya nguvu ili pampu ilale, na pampu huamka. Nacho hutulia, kikijua kimeshatimiza wajibu, na programu ya fundi, ikiambiwa na kiini kwamba pampu imelala, haiugusi waya. Pampu hujaza tangi mpaka bomba likaachia na maji yote yakamwagika, nayo hunywa kisima mpaka kwenye tope, ikamaliza tope ikanywa hewa, mwisho mota ikanuka.

Ilishaungua mara ya kwanza. Swabra akairekebisha faili ya pale kisimani kwa mkono wake, mambo yakawa sawa, mpaka kiini kipya kilipoteremka kutoka kwenye mtandao na kuirudisha ile ya zamani. Akairekebisha tena. Kikaja kingine, kikafuta tena. Kukizuia kisije nako hakufai, maana kiini cha zamani kina matundu na wezi wayajua. Kwa hivyo Mzee Hashim alimweka Kenga, mlinzi wa msikiti, kila stima ikipotea akae kando ya pampu, na ikirudi tu azime swichi kwa mkono mpaka Swabra aje.

"Nilikuja Likoni kulinda viatu vya waumini," Kenga alikuwa akisema. "Sasa ni yaya wa pampu."

Dawa ya kweli ilikuwa moja: kosa lirekebishwe kule liliko, kwenye faili kuu, ili kila kiini kitakachoteremka kije na ukweli. Na njia ya kurekebisha ni kuandika kile wenyewe wakiitacho kiraka, mistari michache inayosema toa hiki, tia hiki, na sababu ni hii. Kwa barua pepe humfikia Henrik, na kila mtu duniani aweza kukisoma.

Swabra aliandika kiraka chake akakitangulizia salamu, akamuuliza Henrik hali yake na ya watu wa nyumbani. Henrik akajibu kwamba maneno hayo yataingia katika kumbukumbu ya kiini na kubaki humo milele, ayaondoe. Akayaondoa, ingawa roho ilimuuma kumwingilia mtu kwake bila salamu. Mara ya pili akaambiwa mistari ya maelezo ni mirefu, aikate. Akaikata. Mara ya tatu, kwa kuwa alipokuwa humo aliona neno la mstari wa jirani limekosewa akalinyoosha palepale, akaambiwa kiraka kimoja jambo moja, agawe. Akagawa. Kisha akazuka mtu mwingine kabisa, ambaye hata hakumjua, akasema kwamba ule waya ameuita wa pampu ya kisima, na faili yapaswa kueleza bodi ilivyo, si mtu anavyoitumia. Bodi haijui kisima. Aupe jina la kile kidude cha swichi kilichoko kwenye bodi.

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alifunga kompyuta akaenda karoni akaosha vyombo kwa kishindo.

"Sahani zina kosa gani?" Bi Mwanasiti akauliza kutoka ukumbini.

"Hazina, mama."

"Basi zirehemu."

Akabadilisha jina. Kisha Henrik akaleta lile kubwa kuliko yote. Akasema huenda wako watu waliokwisha kuona waya uko kinyume, wakaupindua katika programu zao wenyewe. Ukinyoosha faili leo, wao ndio watakaopinduka. Katika kiini hiki, alisema, haturekebishi lako kwa kuvunja la mwingine. Umeuliza?

Swabra hakuwa ameuliza. Akaingia kazini akauliza. Akawapigia wenye bodi ile Magongo, akawaandikia wa nchi za watu aliowaona wakilalamika mtandaoni, akampigia Baya, mfuga kuku wa Utange, ambaye pampu yake hunywesha vifaranga. Wote walikuwa wakilia kilio kilekile. Hakuna aliyepindua chochote. Akayaandika majibu yao, akapeleka kiraka kwa mara nyingine, safi, kifupi, kisicho na salamu, na mwisho akatia mstari mmoja: kama hakuna aonaye kosa, naomba kiingie.

Pakawa kimya.

Alizoea kufungua kompyuta baada ya sala ya asubuhi akakuta Henrik ameshaacha neno usiku. Sasa hapana. Siku zikapita hapana. Simu za watu zikawa zatengenezwa kwa jicho moja, jingine liko kwenye barua. Akaanza kuwajibu wateja kwa mkato, yeye ambaye hakuzoeleka hivyo, na Bi Mwanasiti akawa awaomba radhi kwa niaba yake wakitoka.

Ndani ya kimya hicho ikaingia harusi ya Jalila, bintiye Mzee Hashim. Siku ya nikaha wanawake walijaa chumbani kwa bibi harusi, udi umefukizwa, Jalila amekaa juu ya kitanda, ushungi umemfika puani. Mlango ukabishwa. Akaingia Mzee Hashim na mashahidi wawili, wote wameinamisha macho. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu Jalila, waniruhusu nikuoze Yasir bin Suleiman?"

Jalila akainamisha kichwa. Hakujibu. Mzee Hashim akauliza tena, na Jalila akanyamaza tena, na mikono yake iliyojaa hina ikatulia mapajani.

Somo yake, kungwi aliyemfunda, akasema, "Kimya chake ndiyo ridhaa yake." Chumba kikapasuka kwa vigelegele.

Swabra alipiga vigelegele na wenzake, lakini akili ilikuwa imeondoka pale. Alimfikiria Henrik. Mtu ambaye kila alichopelekewa alikuwa na neno. Neno la salamu, neno la urefu wa mistari, neno la jina. Na mara hii, alipoombwa waziwazi aseme kama aona kosa, hakusema. Moyo wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aanze. Jioni ile, watu wakila, alimfuata mjombake kando ya sufuria za pilau.

"Mjomba, lile jambo la pampu limekubaliwa."

"Wamekwambia?"

"Hawakupinga."

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Hashim, naye siku hiyo alikuwa na furaha mbili. Hakuuliza zaidi. Baada ya sala ya Ijumaa aliwatangazia watu kwamba bint Mbarak amelimaliza suala la pampu, wamwombee dua. Kenga akaambiwa amefunguliwa, akafunga mkoba wake akaenda kwao Kaloleni kumwona mamake.

Ijumaa iliyofuata stima ilipotea asubuhi ikarudi kabla ya adhuhuri. Kiini kipya kilikuwa kimeshateremka, na hapakuwa na mtu kando ya pampu. Wanaume walifika msikitini wakakunja mikono ya kanzu, wakainama kwenye mifereji, wakafungua. Ikatoa pumzi tu, kama mtu mwenye pumu. Mzee Hashim alijaribu mfereji mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Nyuma yake watu walisimama mikono imekunjwa na hawana maji ya kutia udhu.

"Vipi leo, mzee?" mmoja akasema. "Tutayamamu?"

"Mchanga upo tele," akajibu mwingine. "Tena huo haungoji stima."

Wengine walikwenda makwao kutia udhu, wakarudi wakakuta hotuba imekwisha. Harufu ya mota iliyoungua ilifika mpaka safu ya mbele.

Alasiri Mzee Hashim alikuja kwa dadake. Swabra alikuwa ameshajua. Alikuwa amefungua kiini kipya akatafuta kiraka chake, asikione, akatafuta tena kana kwamba kitu kile kingeweza kuwa kimejificha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa. "Uliniambia wamekubali."

"Hawakusema kitu, Mjomba. Huyo bwana kila nikimpelekea alikuwa na neno. Mara hii hakuwa nalo. Nikajua ameridhika."

"Ulijuaje?"

Swabra akaona haya kulisema, akalisema. "Jalila naye alinyamaza."

Mzee Hashim akavua kofia akaiweka gotini. Lau angekuwa mtu wa kucheka, angecheka. "Jalila aliulizwa na babake, uso kwa uso, na mashahidi wawili wamesimama. Kila mtu ajua alisikia. Huyo Henrik alinyamaza mbele ya nani?"

Swabra akamtilia chai kikombeni.

"Kuna kimya cha mtu aliyesikia," Mzee Hashim alisema, "na kuna kimya cha nyumba isiyo na mtu. Mimi niliwatangazia watu, Swabra. Msikitini." Hakupandisha sauti. Alikunywa chai yake yote, kwa heshima ya dadake, akaondoka, na afadhali angegomba.

Swabra alimwandikia Henrik kwa hasira, akafuta, akaandika bila hasira: kiraka changu ulikiona? Jibu lilikuja kabla ya magharibi. Hapana. Barua ni nyingi kuliko mimi. Nikinyamaza, nikumbushe.

Aliisoma kwa sauti, akimgeuzia mamake Kiswahili, kisha akaisukuma kompyuta mpaka ikagonga simu za watu. "Nikumbushe! Mtu mzima nimgongee mlango kama mdai. Hodi ni tatu, mama. Usipoitikiwa warudi zako. Si ndivyo mlivyotufunza?"

"Ndivyo," alisema Bi Mwanasiti. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Hiyo ni hodi ya kwenda kukaa. Kwani wenda kumtembelea Henrik?"

"La."

"Mwana akishikwa na degedege, ukafika kwa daktari ukakuta mlango umefungwa, wabisha mara tatu ukarudi naye?"

Swabra akaivuta kompyuta karibu tena.

"Basi bisha. Utamwomba radhi akishafungua."

Akaandika kumkumbusha. Pakapita siku, akamkumbusha tena, huku uso ukimwaka kwa haya japo hapakuwa na wa kumwona. Henrik akafungua mwishowe. Akasema kiraka chaonekana sawa. Akauliza: nani mwingine amekijaribu, asiyekuwa wewe?

Alitamani kupiga yowe. Salamu ameondoa, mistari amekata, jambo amegawa, jina amebadilisha, watu amewauliza, mlango ameugonga. Sasa atakiwa shahidi. Halafu neno hilo, shahidi, likamrudia kwa sauti ya mjombake, akaona kwamba hata hilo ni haki. Yeye ndiye aliyekwisha kusema limekwisha na halijaisha. Neno lake peke yake lilishapimwa likapungua.

Akampigia Baya wa Utange, akampelekea faili mpya, akamfundisha kuitia. Kisha akamwambia azime stima kwenye swichi kubwa, aiwashe, amwambie pampu yafanya nini.

"Da Swabra, hawa kuku wakikosa maji watanisuta mimi, si wewe."

"Kidogo tu, Baya."

Swabra alisikia kuku, akasikia swichi ikizimwa, akasikia Baya akipumua. Swichi ikawashwa. Akangoja kwa simu sikioni, akisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo.

"Imenyamaza," Baya akasema. "Imenyamaza kama mkwe mbele ya mkwewe."

"Umehakikisha?"

"Nimeiwekea mkono, i baridi. Sasa tangi likipungua ndiyo yaanza. Hii ndiyo adabu."

"Nitaandika jina lako kwamba umejaribu. Litasomwa dunia nzima."

"Basi liandike lote. Baya Mwarandu. Wa Utange, usisahau."

Utange haikuingia, kwa kuwa Henrik asingeikubali, lakini jina liliingia. Baada ya kukumbushwa mara moja tena, Henrik alijibu kwa neno moja, nalo maana yake ni kimeingia. Chini yake akaeleza kwamba kitatoka na kiini kijacho, si hiki kilichokwisha kufungwa. Na kikitoka kitachukua muda wake kupita kwa wagawaji mpaka kuzifikia bodi ndogo za huku.

Swabra alikaa akalitazama neno lile. Alidhani angelia kama siku ile ya kwanza, lakini alichokisikia ni uchovu, na chini ya uchovu, ghadhabu. Kosa limekubaliwa kuwa kosa, dawa imekubaliwa kuwa dawa, na mvua za vuli huenda zikanyesha zikakatika kabla haijafika kisimani.

Akavaa baibui akaenda kwa mjombake. Pampu ilikuwa imerudi kutoka Magongo kwa fundi wa kusuka mota, imefungwa upya siku ile ile, na Mzee Hashim alikuwa akikaza bomba.

"Limekubaliwa, Mjomba."

Mzee Hashim hakuacha kukaza. "Amesema, au amenyamaza?"

"Amesema. Maandishi ninayo."

"Na pampu?"

"Bado. Mpaka kiini chenyewe kiteremke. Miezi."

Mzee Hashim akaweka chini spana, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kenga hajarudi kutoka kwao. Mamake ni mgonjwa."

"Najua. Nitakaa mimi. Mimi ndiye niliyemwondoa."

Mjombake alimtazama, kisha akamsogezea kwa mguu kile kiti kifupi cha Kenga.

Stima ilipotea siku ya tatu, baada ya alasiri. Swabra aliacha simu ya mtu imefunguliwa mezani, akajitupia baibui, akakwapua kompyuta, akapita uchochoroni mbio nusu. Akakaa kwenye kibanda cha pampu, mkono juu ya swichi. Wanawake wawili walikuja na ndoo zao kuchota yaliyobaki kwenye tangi. Mmoja, jirani yao Intisar, akamsimamia.

"Wewe si ulitangaziwa msikitini kuwa imeshatengenezwa?"

"Imetengenezwa, dada. Haijafika."

"Iko wapi?"

"Njiani."

"Na wewe hapo wafanya nini?"

"Naingoja."

Intisar akacheka, akajitwika ndoo yake. "Mungu akupe subira, maana hiyo itakuja kwa miguu."

"Amin," alisema Swabra, na hakuona cha kuchekesha.

Alikaa. Nzi walimsumbua. Adhana ya magharibi ilikuwa haijaadhiniwa taa ya msikiti iliporudi, na papo hapo pampu ikaunguruma chini yake, kwa utiifu, kama ilivyoandikiwa. Akaizima. Akafungua kompyuta juu ya mapaja, akaanza kuirekebisha tena kwa mkono faili ile ile iliyorudishwa na kiini, mstari ule ule.